Mwaka Deusi Alipokalia Kigoda cha Baba

Blanketi jipya lina harufu yake. Linanuka duka lililofungwa muda mrefu, vumbi la gunia na mafuta ya taa kwa mbali, na ukilikunjua harufu hiyo inakufikia kabla hujatazama rangi. Mwezi uliopita nilikwenda dukani Katandala kuchukua blanketi la kumzikia mdogo wangu wa mwisho. Kijana wa dukani akalikunjua mezani, akaniuliza, "Bibi, utachukua hili la mistari au lile la maua?" Nikainama kulinusa. Alidhani nalitilia shaka, akaanza kulisifu kwamba hata ukilifua mara nyingi halichuji. Nilitaka kumwambia kwamba atakayejifunika hatalifua. Nikachukua la mistari, nikalikumbatia, na njia nzima ya kurudi nyumbani sikuwa tena bibi wa mtu yeyote. Nilikuwa mtoto wa darasa la tatu, nimebeba bakuli la mboga isiyo na maharage, nampelekea chakula baba yangu ambaye amekwisha kufa.

Najua inavyosikika. Ngoja niwaeleze taratibu.

Wanaume wengi wa Ufipa wa rika la baba walikwenda Tanga kukata mkonge wakati wa ukoloni. Huko waliona wenzao wakifa na kuzikwa ndani ya magunia, na watu wasiojua hata majina yao. Wachache wakaapa kwamba yeyote kati yao atakayefika nyumbani salama atazikwa kwa blanketi, na atazikwa na mtu anayemjua. Waliporudi Sumbawanga wakajenga nyumba ya matofali mabichi, wakaiezeka kwa nyasi, wakaiita nyumba ya Chama cha Blanketi. Kila Jumapili baada ya misa walikutana humo. Walikuwa na vyeo, viapo, na namna yao ya kushikana mikono ambayo ilimalizikia kwenye kiwiko.

Mlangoni alikaa Sajini, amejifunga kamba ya mkonge kiunoni. Kila aliyeingia aliulizwa.

"Unatoka wapi?"

"Mkonge."

"Unaleta nini?"

"Mwili wangu."

"Nani atauzika?"

"Ndugu zangu."

Ndipo alipopisha. Hakumsamehe mtu. Karani wa chama alikuwa mzee aliyekojoa mara kwa mara, na kila alipotoka nyuma ya nyumba na kurudi aliulizwa upya. Siku nyingine tulimsikia akijibu kwa hasira, "Natoka kukojoa, umeniona, na mwili ni uleule." Sajini akabaki amekaza uso mpaka mzee aseme mkonge. Karani huyo hakujua kusoma wala kuandika, na ndiyo sababu walimpa kazi hiyo. Walisema asiyejua kuandika hawezi kupeleka siri zao kwa mtu.

Mkuu wao aliitwa Gavana. Jina lake lilikuwa Mzee Odilo, mtu mkubwa kuliko baba kwa miaka mingi, mwenye kofia ngumu ya kizungu aliyoitoa Tanga. Balozi wetu wa nyumba kumi, mtu wa Mbeya aliyefanya kazi ofisi ya kilimo, alikuja siku moja kuwauliza nchi iliyojitawala ina haja gani na Gavana. Wakaomba nafasi, wakajifungia, wakashauriana. Walipotoka wakamwambia wamekwisha kurekebisha, kuanzia leo ataitwa Ndugu Gavana. Balozi alicheka hadi akakaa chini, na hakurudi tena kuuliza.

Nawasimulia haya ili mjue kwamba ilikuwa nyumba ya kicheko. Hata lile jambo lao la kigoda walilianza kwa kicheko.

Kila mwanachama alikuwa na kigoda chake cha miguu mitatu, na kila mwanachama alikuwa na pacha, maana yake rafiki aliyemchagua wakiwa wazima wote wawili. Mmoja akifa, kigoda chake hakikuondolewa. Pacha wake alikikalia kila Jumapili, tangu mazishi hadi ulezi wa msimu unaofuata uvunwe. Na akiwa juu ya kigoda hakuwa yeye. Aliitwa kwa jina la marehemu, alisema kwa sauti ya marehemu, alitania watu ambao marehemu alizoea kuwatania, na aliyenuniwa na marehemu alinuniwa vilevile. Walisema kule mkonge mtu alikuwa anaweza kufa asubuhi wakati jana yake hamjamaliza mazungumzo, kwa hiyo ni haki apewe muda wa kumalizia. Ulezi ukishavunwa, Gavana alimsalimu marehemu, marehemu akaitika, Gavana akakipindua kigoda miguu juu. Hapo mtu alikuwa amekwenda kweli.

Baba yangu, Simforiani, alikuwa mwembamba, mpole, msemaji wa polepole. Pacha wake alikuwa Deusi, ambaye sisi watoto tulimwita Baba Tekla. Deusi aliuza nyama sokoni. Alikuwa mnene, na sauti yake ilisikika mtaa wa pili hata akinong'ona. Sijui kwa nini walichaguana. Mama alisema kule Tanga walilala kitanda kimoja cha miti, na Deusi alichukua nafasi yote, baba akazoea kulala ameegemea ukuta.

Sasa niwaambie kuhusu ugomvi, maana bila huo hamtaelewa.

Bibi mzaa baba, ambaye nimerithi jina lake la Leokadia, alikufa kijijini Msanzi wakati wa masika, miaka kadhaa kabla baba hajaugua. Mama wa mwanachama naye alistahili blanketi la chama, na kulipeleka ilikuwa kazi ya Gavana mwenyewe. Baba alitangulia. Mzee Odilo akafuata na baiskeli, blanketi amelifunga nyuma. Mvua ikamkuta njiani, akaingia nyumba moja waliyokuwa wanakunywa kimpumu, ile pombe yetu ya ulezi inayonyonywa kwa mrija huku chungu kikiongezwa maji ya moto. Akaona blanketi litalowa, akalifungua. Alipokwisha kulifungua akaona anatetemeka, akajitupia mabegani kidogo tu apate joto. Wenyeji wakaongeza maji ya moto. Kule Msanzi walimsubiri mpaka mwili ukawa hauwezi kusubiri. Bibi akazikwa kwa shuka. Asubuhi iliyofuata waombolezaji walimwona Gavana anapanda kilima akisukuma baiskeli, kofia kichwani, amejifunika blanketi la marehemu.

Watu walicheka palepale msibani. Chamani walicheka kwa miaka, na Mzee Odilo mwenyewe alizoea kucheka nao, ingawa mkono wake ulikuwa unapapasa ukingo wa kofia. Baba hakucheka. Hakugombana naye wala hakumshtaki popote. Aliacha tu kuitika salamu yake. Jumapili zote aliketi nyumba moja na yule mzee, na Gavana alipomsalimu, baba aligeuza uso ukutani.

Halafu baba akaugua kifua. Ilikuwa Julai, wakati upepo wa Ufipa unapita hata kwenye ukuta. Mimi ndiye niliyekaa naye mchana, kwa sababu mama alikuwa na mdogo wangu mgongoni na kazi zote mikononi. Alasiri moja Mzee Odilo aliinama mlangoni akaingia. Alivua kofia. Sikuwahi kumwona kichwa wazi, kilikuwa kidogo. Akasimama miguuni mwa kitanda, akasema, "Shikamoo, Simforiani."

Mnajua uzito wake. Mtu mzima kama yule, anamwamkia mtu aliye sawa na mdogo wake wa mwisho. Nilitamani kuitika kwa niaba ya baba ili tu neno lile lisibaki limesimama hewani. Baba aligeukia ukuta. Mzee akangoja, akavaa kofia, akatoka. Nyayo zake zilipoishia, baba akaniuliza bila kugeuka, "Amevaa nini?"

Nikasema, "Shati."

"Na baridi hii?" akasema. Kisha akakohoa.

Hayo hayakuwa maneno yake ya mwisho. Aliishi siku kadhaa zaidi, na maneno yake ya mwisho yalikuwa ya kuomba mlango ufungwe kwa sababu kuku walikuwa wanaingia. Walimzika kwa blanketi la kijivu lenye mistari myekundu. Deusi alilikunja mwenyewe miguuni, harufu yake ikanijia hadi nilipokuwa nimesimama.

Jumapili iliyofuata nilipewa kazi yangu. Chakula cha marehemu kilitoka nyumbani kwake, na kililetwa na mtoto wake. Ni sisi tu, watoto wa wafu, tulioruhusiwa kuingia mle. Mama alisonga ugali wa ulezi na kupika mboga ya majani kwa karanga, akanifunga kitambaa kichwani, akasema, "Ukifika piga magoti. Useme kama ulivyokuwa unasema."

Nikaingia. Ndani mlikuwa na giza la moshi. Deusi alikuwa ameketi juu ya kigoda cha baba, na kigoda hakikuonekana kabisa, kama vile ameketi hewani. Nikapiga magoti. "Shikamoo, baba."

Baba aliniita mama, kwa sababu ya jina la mama yake. Deusi alijua. Akajikakamua, akabana sauti, akasema, "Marahaba, mama," na sauti ikamkwama katikati, ikatoka kama ya jogoo. Nyumba ikaangua kicheko. Karani alimtazama kuanzia miguuni hadi kichwani, akamwambia, "Simforiani, kifo kimekunenepesha."

Deusi akafikiri, polepole kama baba alivyofikiri, akajibu, "Huko hakuna kazi."

Nilicheka pamoja nao. Nilikuwa sijacheka tangu mazishi, na nilishangaa kwamba mdomo bado unajua.

Kilichowafurahisha zaidi kilikuwa maharage. Baba hakula maharage maisha yake yote, yalimletea kiungulia. Na Deusi hakuna kitu alichokipenda kama maharage. Jumapili zote chamani palipikwa maharage, na bakuli lilipitishwa mbele ya pua yake polepole kuliko ilivyolazimu. "Simforiani, karibu," walimwambia. "Yana karanga leo." Deusi alimeza mate, akashika kifua, akasema kwa huzuni, "Kiungulia." Nilipokuwa narudi nyumbani bado niliwasikia wakicheka.

Ndivyo ilivyokuwa mwanzoni. Sijui ni Jumapili gani ilibadilika.

Nakumbuka kwamba nje jua lilikuwa kali, na nilipoingia macho yangu hayakuona kitu. Kabla sijaona, nikasikia kikohozi. Kikohozi cha baba kilikuwa na pumziko katikati. Alikohoa mara moja, akatulia kama anayesikiliza kitu, kisha akamalizia. Ndicho nilichosikia. Macho yalipozoea giza nikaona mabega yaliyoinama na mkono unaosugua goti. Niliposalimu, sauti iliyoniitikia haikukwama popote. Hakuna aliyecheka. Karani alikuwa anatazama chini.

Deusi akamega tonge la kwanza, akalichovya, akanipa mimi kabla hajala. Baba alifanya hivyo nyumbani. Sijui Deusi aliyaona wapi hayo. Labda baba alimsimulia. Labda kule mkonge walipokula sahani moja baba alikuwa anampa yeye. Sitaki kuwaambia zaidi ya ninavyojua. Najua tu kwamba nilikula tonge lile, na lilikuwa na ladha ya nyumbani kwetu zamani.

Tangu hapo nikaanza kuishi kwa ajili ya Jumapili. Nilimweleza mambo. Kwamba mwalimu alinichapa kwa kuchelewa. Kwamba kuku mwekundu ametotoa chini ya kitanda. Alisikiliza kichwa kimeinama upande, na alijibu maneno machache yaleyale ambayo baba angejibu. Ila Gavana alipomsalimu, aligeuza uso ukutani, Jumapili baada ya Jumapili. Jumatatu ungewakuta sokoni, Deusi na Mzee Odilo, wanapigana mabegani na kucheka. Jumapili ukuta. Mzee aliendelea kumwamkia. Alisema shikamoo yake, akangoja, akaenda kuketi.

Asubuhi moja Mama Tekla, mke wa Deusi, alikuja kwetu. Mama alikuwa anapepeta, mimi naokota mawe kwenye ungo.

"Mama Leokadia," akasema hata kabla ya kukaa, "marehemu alikuwa analala anaangalia wapi?"

Mama akashusha ungo. "Ukutani."

"Basi na wangu sasa anaangalia ukutani. Na juzi nimempikia maharage, siyo Jumapili, hakugusa. Mtu aliyekuwa anakula maharage mpaka sufuria inaomba kupumzika. Ameshika kifua, ananiambia kiungulia."

Mama alicheka, kisha kicheko kikamwisha usoni. "Anakohoa?"

"Anakohoa."

"Akikohoa anapumzika katikati?"

Ndipo Mama Tekla akakaa. "Kumbe unakijua."

"Ndiyo maana mimi mwenyewe siendi kule," mama akasema. "Namtuma mtoto."

"Ulezi ukivunwa wakipindue kigoda kile, dada. Mimi namtaka mume wangu."

"Na mimi namtaka wangu," mama akasema. Akapepeta kidogo. "Lakini hawezi kurudi kwa mwili wa Baba Tekla. Kipinduliwe."

Nilichukia neno lile. Usiku sikulala vizuri kwa sababu yake. Nilihesabu kwamba watu wazima wamekubaliana kumuua baba mara ya pili, na mama yangu yumo.

Mwaka ule ndio walipokuwa wanahamisha watu wa vitongoji kwenda vijiji vya ujamaa. Ulezi ulipovunwa, magari yalikuwa yamekwisha kupangwa. Mzee Odilo alipangiwa kijiji cha mbali, njia ya Kipili, na wengine huku na huko. Nyumba ya chama ilikuwa ibomolewe. Kanuni yao ilisema kigoda kilichopinduliwa kinaweza kupelekwa kwa familia kikawa kigoda tu cha kukalia. Kigoda ambacho hakijapinduliwa hakihami. Kinabaki palepale kilipo, na mwenyewe anabaki nacho.

Jumapili ile ya mwisho nilipoingia nikakuta wameketi wote. Karani akasimama, akasema hawezi kuona njia. Gavana anamsalimu marehemu, marehemu anaitika, ndipo kigoda kinapinduliwa. Huyu Simforiani hajaitika tangu msiba wa Msanzi. Asipoitika leo tunamwacha humu ndani, nyumba inabomolewa juu yake, mvua inamnyeshea, na hakuna wa kumkalia.

Wakamtazama Deusi. Deusi akasema kwa sauti yake mwenyewe, ambayo sikuwa nimeisikia mle kwa muda mrefu, "Mimi najua kikohozi chake. Moyo wake hakuniachia. Siwezi kumsamehea mtu."

"Mtoto alikuwepo," Sajini akasema kutoka mlangoni. "Gavana alipokwenda kumwona, mtoto alikuwepo."

Wakaniambia niweke bakuli chini. Nikasimama katikati ya nyumba. Nilielewa wanachotaka. Nikisema baba alimsamehe, Gavana atapindua, na sitasikia tena sauti ile ikiniita mama. Nikisema hakumsamehe, sauti itabaki, lakini itabaki peke yake katika nyumba isiyo na paa, na Jumapili hakuna mtu atakayekuja. Sikutaka lolote kati ya hayo. Nilitafuta la tatu sikuliona. Basi nikasema lililotokea. Kwamba baba aligeukia ukuta. Kwamba mzee alipotoka, baba aliuliza amevaa nini, nikasema shati, naye akasema, na baridi hii.

Wakaanza kubishana. Mmoja akasema huyo alikuwa anasimanga, anauliza, leo hukuvaa blanketi la mama yangu? Mwingine akasema hapana, mgonjwa alikuwa anamwonea mzee huruma kwa baridi. Karani akasema inawezekana homa tu. Walizidi kupaza sauti mpaka Gavana akanyoosha mkono.

"Leokadia," akaniambia. "Sema alivyosema. Usiniambie maneno tu. Sema kama yeye."

Nikafumba macho. Sikuigiza, nawaambieni ukweli. Nilikumbuka tu chumba, kikombe, na mgongo wake, na kinywa changu kikafunguka. "Na baridi hii?" Ilitoka nzito, ya chini, ya mtu aliyechoka. Nilipofumbua macho, wazee wote walikuwa wamekaza mikono magotini. Deusi alikuwa ananitazama kama mtu aliyeitwa.

Mzee Odilo alivua kofia akaiweka sakafuni. "Hajanisamehe," akasema. "Sauti hiyo naijua, hajanisamehe. Lakini ameniona nina baridi."

"Kanuni haisemi kuhusu baridi," Karani akasema, lakini kwa upole.

Gavana akainuka, akaenda mbele ya kigoda, akapiga magoti, mzee yule na magoti yake mabovu. "Shikamoo, Simforiani."

Deusi aligeuza uso ukutani, kama kawaida. Akakohoa, akapumzika, akamalizia kukohoa. Kisha akasema, bila kugeuka, kwa sauti ya baba yangu, "Odilo, pindua. Miguu inaniuma."

Watu wakatazamana. "Hajaitika," Karani akasema.

"Ametaja jina," Sajini akajibu. "Mtu aliyekununia hakutaji jina."

Hakuna aliyeweza kumpinga Sajini kwenye jambo la kanuni. Deusi akanyanyuka kwa kushika ukuta. Gavana akakishika kigoda kwa mikono miwili, akakipindua, akakiweka chini miguu juu. Miguu ilikuwa mifupi, imesuguliwa na miaka. Mtu mmoja akacheka kidogo kwa kupata nafuu, na wengine wakamfuata, na wakaanza kusukumana na kumwambia Deusi kwamba ameiba maneno, miguu iliyokuwa inauma ni ya kwake mwenyewe kwa unene. Deusi alipita katikati yao akatoka.

Nimejiuliza maisha yangu yote ni nani aliyesema maneno yale. Huenda alikuwa Deusi, aliyechoka, aliyetaka kwenda nyumbani. Huenda baba alikuwa amechoka vilevile. Mzee Odilo alihama wiki ile na sikumwona tena. Sijui yeye aliamua ilikuwa sauti ya nani.

Nilichukua bakuli langu, chakula kikiwa hakijaguswa, nikatoka nje. Jua lilikuwa linashuka na upepo umeanza. Mama Tekla alikuwa ameleta sahani ya maharage chini ya kitambaa, amempa mumewe, akasimama pembeni anamtazama kwa furaha. Deusi alikuwa ameketi chini, ameegemea ukuta wa nyumba, sahani mapajani. Hakula. Nikamkaribia, na kwa mazoea magoti yakajikunja yenyewe.

"Shikamoo, baba."

Akanitazama. Lilikuwa jicho lake mwenyewe, kubwa, jekundu. "Marahaba, Leokadia," akasema, kwa sauti yake nene ya sokoni.

Hapo ndipo baba yangu alipokufa. Siku ya mazishi nilisimama nikitazama mistari ya blanketi. Sasa nilihisi kifua kinafunguka na machozi yanakuja, lakini Deusi alinitangulia. Uso wake mkubwa ulikunjamana, akafunika macho kwa mkono, na akasema kwa shida, kama mtu anayenifikishia habari kutoka mbali, "Leokadia, mwanangu. Simforiani amekufa."

Mama Tekla aliondoa sahani mapajani mwake kabla haijamwagika. Nilisimama mbele ya mtu mzima anayelia kama mtoto, nikasema neno pekee nililofundishwa kusema mahali pa namna ile.

"Pole, Baba Tekla."

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kulia, akaitikia tena, kama vile nimemletea kitu alichokuwa amekisubiri. Nilidhani analia kwa ajili ya kunihurumia mimi. Nilikuwa mtu mzima, nami nimezika wa kwangu, nilipoelewa kwamba siku baba alipofariki watu walikuja kwetu, wakampa pole mama, wakanipa pole mimi, wakampa pole hata mdogo wangu mgongoni. Deusi waliharakisha kumketisha kwenye kigoda. Mwaka mzima alitutunzia mtu wetu, na katika mwaka mzima huo hakuna aliyekumbuka kumwambia yeye kwamba amefiwa.